Jinzi Haikauki, Nalo Jua Liko kwa Jirani

Julai ya Nairobi ni ya kufua jinzi Jumamosi na kuivaa Jumatano ingali na unyevu. Unaianika balkonini, jioni unaishika kiunoni: mishono ya mifuko bado maji tu. Na jirani wa mlango unaotazamana na wako keshaanua zake, zimekauka kau!

Ukilalamika unaambiwa, "Dunia imeenda mbali na jua." Haya, ni kweli! Mapema Julai tuko kilomita milioni 152 kutoka kwake, mapema Januari milioni 147. Lakini Julai hiyohiyo watu wa London wanatembea na kaptula. Umbali gani huo wenye ubaguzi?

Kinacholeta majira ni mwinamo. Dunia imeinama digrii 23.4, na mwaka mzima mhimili wake, yaani ule mstari inaouzunguka kama pia, unaelekea upande uleule. Chukua chungwa, lichome kijiti, weka taa katikati ya meza. Wengi huharibu hapa: wanazunguka huku wakikigeuza kijiti kiitazame taa kila kona, wakapata kiangazi kisichoisha. Kielekeze dirishani kikiwa kimeinama, uzunguke nacho vivyo hivyo. Upande mmoja wa meza ncha inaiinamia taa, huko kwake ni kiangazi; ng'ambo inaipa kisogo, ni baridi.

Sisi tuko digrii 1 na ushei kusini mwa ikweta. Mchana wetu hautofautiani zaidi ya dakika 9 hivi mwaka mzima. Kwetu kinachohama ni upande. Juni 21, kama saa sita na nusu mchana, simamisha fimbo ya mita 1: kivuli sentimita 46, kinaangukia kusini. Desemba 21 ni sentimita 41, kinaangukia kaskazini. Katikati ya Machi kivuli kinajificha chini ya fimbo.

Sasa turudi kwenye jinzi. Toka katikati ya Machi hadi karibu mwisho wa Septemba jua linapita kaskazini. Balkoni inayotazama kusini, upande wa Rongai, hailioni miezi sita, na kodi ni ileile! Baridi yenyewe msiusingizie sana mwinamo. Jua la Juni adhuhuri bado liko juu digrii 65. Ni mwinuko wetu, karibu mita 1,700, na lile wingu la kijivu linalotufunika toka alfajiri kama sufuria. Likifunuka saa tisa, anika mbio.

Anayetafuta nyumba afungue dira ya simu palepale balkonini kabla ya kutoa dipoziti. Aliyekwisha kulipa avumilie tu. Desemba, jua likiwa kusini, jirani atakuja kumwomba nafasi kwenye kamba yake.