Semina za walimu wa fizikia: fedha ziende ukumbini au shuleni?

Wanaopanga mafunzo kazini ya walimu wa fizikia wamegawanyika. Wapo wanaotaka semina kubwa za likizo, walimu wakutanishwe kituo kimoja chini ya wakufunzi waliobobea. Wengine wanataka fedha zibaki shuleni, walimu wajifunze wao kwa wao wiki baada ya wiki. Kenya iliijaribu njia ya kwanza kwa upana mkubwa: mradi wa SMASSE, wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi sekondari, ulianza mwaka 1998 katika wilaya 9 kwa ushirikiano na Japani kupitia JICA, shirika lake la ushirikiano wa kimataifa, ukaenea nchi nzima kuanzia 2003. Tanzania sasa inasukuma ya pili kupitia MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambamo walimu hukutana katika Jumuiya za Kujifunza hapohapo shuleni.

SMASSE ilishusha mafunzo ngazi kwa ngazi. Wakufunzi wa kitaifa waliwafunza wa wilaya, nao wakawafunza walimu. Msimamo wake ulikuwa mzuri: somo lijengwe juu ya kazi ya mwanafunzi na majaribio, hata kwa vifaa vya kubuni, kisha mwalimu apange, atende, atazame, aboreshe. Sioni wa kuupinga. Kinachobishaniwa ni kama ustadi wa mikono unaweza kushuka ngazi mbili bila kupungua.

Tazama jaribio la kupima ukinzani wa ndani wa betri kavu. Linahitaji betri moja kubwa ya tochi ya volti 1.5, voltimita, amita ya ampea 0 hadi 1, swichi, na mita moja ya waya wa nikromu namba 28, wenye ukinzani wa karibu omu 10. Unabadilisha urefu wa waya kutoka sentimita 100 kushuka hadi 20, unasoma volti na ampea kila mara, kisha unachora grafu ya volti dhidi ya ampea. Maelekezo ni mepesi, lakini yapo mambo matatu yanayoliharibu. Swichi ikiachwa imefungwa kati ya vipimo, betri inachoka na nukta za mwisho zinaporomoka. Waya ukifupishwa hadi sentimita 10, mkondo unakaribia ampea 1. Waya unapata joto na betri inanyong'onyea mbele ya macho yako. La tatu ndilo linalopoteza alama nyingi: kwa kuwa vipimo vyote vya ampea viko juu ya 0.1, mwanafunzi anaanzisha mhimili wa ampea kwenye 0.1 ili grafu ijae karatasi, halafu anasoma nguvu ya betri, yaani volti yake isipotoa mkondo, pale mstari unapokata mhimili wa wima. Pale ampea si sifuri, na jibu linatoka dogo kuliko ilivyo.

Mambo haya hayakai kwenye slaidi. Anayajua aliyeshika waya mwenyewe. Ukumbi wenye walimu 40 na seti 4 za vifaa unatoa wawili watatu wanaopima katika kila kundi, na waliobaki wananakili. Mwaka unaofuata mmoja wa hao walionakili anaweza kuwa ndiye mkufunzi.

Lakini kuifuta semina ni kosa pia. Shule nyingi zina mwalimu mmoja tu wa fizikia. Jumuiya ya shuleni itamkutanisha na wa historia na wa Kiswahili, ambao watamsaidia kusimamia darasa ila hawatamwambia kwa nini grafu yake imepinda. Tena zipo dhana potofu ambazo mwalimu mwenyewe anazo na hajui kuwa anazo. Weka mshumaa sentimita 20 mbele ya lenzi mbinuko yenye umbali wa fokasi wa sentimita 10, na karatasi nyeupe sentimita 20 nyuma yake. Waulize walimu: nikiziba nusu ya lenzi, taswira itakuwaje? Wengi hutabiri kuwa nusu ya taswira itapotea. Inabaki nzima, imefifia tu, kwa sababu kila sehemu ya lenzi hupokea mwanga kutoka kila sehemu ya mwali wa mshumaa. Mshtuko wa utabiri kukosea mbele ya wenzako wa fani ileile hufundisha kuliko mhadhara wa saa mbili, na hauji ukiwa peke yako.

Malalamiko ya posho, likizo kuliwa na cheti kisichosogeza daraja ni ya haki, na yanapunguza mahudhurio. Hata hivyo posho ikilipwa vizuri, seti 4 zitabaki 4.

Ningekata siku za semina kwa nusu na kuzielekeza fedha zilizookolewa kwenye mambo mawili. Kwanza vifaa: seti moja kwa kila walimu wawili, na seti hiyo iondoke nao. Pili ufuatiliaji: mkufunzi arudi baada ya wiki sita kwenye kundi la shule tano au sita za jirani, akiwa na mhadhiri au mtafiti wa chuo kilicho karibu, atazame kipindi kikifundishwa. Msaidizi wa maabara aalikwe tangu semina ya kwanza. Karatasi ya tatu ya fizikia ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ile ya vitendo yenye alama 40, huandaliwa kwa mikono yake. Yeye ndiye anayejua betri zipi zimechoka, na ni nadra jina lake kuonekana kwenye orodha ya walioalikwa.