Nyumba za Mawe za Lamu: Hifadhi Ianzie Ndani ya Ukuta

Mji wa kale wa Lamu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na mwenye nyumba ya mawe hana ruhusa ya kuibadilisha apendavyo. Malalamiko yake yana uzito. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na boriti za mikoko zinazobeba dari, ambazo kwa kawaida hazivuki mita 3. Chokaa hudai kupakwa upya kila mara, na boriti huoza paa linapovuja. Si haki kumwachia mtu mmoja gharama ya urithi ambao dunia nzima inajivunia.

Hata hivyo, hoja ya baadhi ya wenye nyumba kwamba kukarabati kwa saruji badala ya chokaa ndiyo nafuu haisimami ukiutazama ukuta wenyewe. Ukuta wa matumbawe na chokaa, wenye unene wa karibu nusu mita, hunyonya unyevu na kuutoa tena hewani. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na baada ya muda lipu hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Hapo ndipo zidaka huharibika, yaani zile safu za vishubaka vya ukutani vilivyonakshiwa kwa chokaa, na nakshi ikishamomonyoka haizibiki kwa kiraka. Slabu ya zege nayo huzielemea kuta ambazo hazikujengwa kubeba uzito huo, na nondo zake hushika kutu upesi kwa hewa ya pwani.

Kwa maoni yangu, tunajali mno kinachoonekana kutoka mtaani, ilhali nyumba ya Lamu imeupa mtaa kisogo. Ukishapita daka, yaani kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe vya wageni, tekani, ile njia ya kuingilia, hupinda ili mpita njia asione ndani. Fahari yote iko ng'ambo ya kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kwenye misana, vile vyumba virefu vinavyoelekea uani, na kwenye chumba cha faragha kilicho nyuma yake, kiitwacho ndani.

Kwa hiyo ningelegeza masharti ya jiko, choo na nyaya za umeme, na kuyakaza ya chokaa na boriti. Bomba la kisasa halilidhuru birika la kale, yaani tangi la maji la kujengwa, lile lililofugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Lakini masharti makali yaje na ruzuku ya vifaa na ujira wa mafundi wa chokaa, la sivyo mwenye nyumba ataendelea kununua saruji, kwa kuwa ndiyo anayoimudu.