Roosevelt na kitanda alichokilalia

Kila msimu wa uchaguzi tunawasikia wagombea wakisimulia jinsi walivyolala njaa utotoni na kwenda shule pekupeku, nasi tunawapigia makofi kwa kuamini kwamba aliyeonja shida hawezi kuwasahau wenye shida. Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu, hadi maisha ya Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani kuanzia 1933 hadi alipofariki 1945, yaliponifanya niulize: shida hiyo aliipata akiwa pamoja na nani?

Roosevelt alizaliwa katika familia ya kitajiri. Agosti 1921, akiwa na umri wa miaka 39, alipatwa na polio, na tangu hapo hakuweza tena kutembea bila msaada. Mwaka 1924 alikwenda Warm Springs, mji mdogo katika jimbo la Georgia, kuogelea katika maji ya chemchemi yenye joto la nyuzi 31 hivi, maana ndani ya maji hayo miguu yake iliweza kujongea. Wagonjwa wengine waliposikia habari zake walimfuata, naye akawa anaingia nao bwawani na kuwaelekeza namna ya kunyoosha viungo, hata wakamwita Daktari Roosevelt. Naamini hapo majini, ambapo kila mmoja alikuwa amevua vyuma vyake vya miguuni, ndipo alipofundwa, kuliko kitandani alikougulia peke yake.

Kwa gari lililotengenezwa liendeshwe kwa mikono, alizunguka vijijini akizungumza na wakulima. Bili ya umeme ya nyumba yake huko ilimshtua, kwa kuwa uniti moja iliuzwa mara nne ya bei aliyolipa kwao Hyde Park, New York. Akihutubia Barnesville, jimboni humo humo, mwaka 1938, alieleza kwamba bili ile ndiyo iliyomfanya aanze kuchunguza suala la umeme wa mashambani. Wakala wa umeme vijijini aliuanzisha Mei 1935, wakati takriban shamba moja tu kati ya kumi lilikuwa na umeme, na sisi tuliosomea koroboi tunaujua uzito wa jambo hilo.

Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kituo cha Warm Springs kilipokea wagonjwa wazungu tu. Wamarekani weusi walisubiri hadi 1941 kupata kituo chao cha polio huko Tuskegee, katika jimbo la Alabama. Februari 1942 Roosevelt alitia saini amri iliyosababisha watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao wakiwa raia, kuondolewa majumbani mwao na kuzuiliwa kambini. Hao hakuwahi kuingia nao bwawani.

Ndiyo maana siku hizi mgombea akinisimulia njaa yake ya utotoni, nataka kujua ni lini mara ya mwisho alipoketi kwenye benchi la zahanati akingoja zamu, pamoja na watu wasio wa kabila lake wala wa dini yake.