Kidole Changu Kilivyopanda Mount Gelai

Najua jamaa yangu ameshawarushia ile video ya kidole changu kilivyogandia treni ya mfano, na ameikata alipotaka yeye. Sikilizeni ya kwangu, kidole bado kinawasha.

Mzee wetu wa treni za mfano hapa Manchester alikuwa amemaliza Mount Gelai, moja ya zile injini za mvuke 34 aina ya Garratt, za daraja la 59, zilizoundwa hapa hapa Gorton mwaka 1955 na 1956, zikaja kuvuta mizigo ya Mombasa. Kipimo ni 1 kwa 87: mita 31 na ushei zimekuwa sentimita 36, juu ya reli za milimita 12. Bodi ya shaba, na ribiti kazidonoa moja moja kwa sindano kutoka nyuma ya bati. Mkono wake hautetemeki hata akicheka.

Kishikio kikachomoka kwenye tangi la mbele, kiwaya chembamba kama mfupa wa dagaa. Wenye akili huweka tone la supaglu kwenye kipande cha bati, wakachovya sindano, wakagusa tundu. Mimi nikaminya kichupa pale pale. (Ngojeni kwanza, mtacheka baadaye.) Supaglu hukazwa na unyevu, na kidole kilikuwa kimelowa jasho.

Nyuma yangu jamaa kawasha umeme. "Tuijaribu!"

Treni ikaondoka na mimi. Ningevuta, ningeng'oa miezi saba ya mzee. Basi nikaifuata, nimeinama, hatua ndogo ndogo kama nasindikiza bibi harusi. Kufika kwenye kona nikakumbuka: Garratt ina viungo viwili, boila liko katikati na tangi la mbele hujipindia lenyewe kufuata reli. Kidole kikapinda nalo. Watoto wa mgeni mmoja wakanipungia mkono.

Nikainua macho. Handaki.

Mlango wa plasta, kila jiwe kachonga mzee. Lilipimwa lipitishe treni, si mkono wa mla ugali. Sentimita 20. "Zima!" Jamaa, simu mkononi, anatafuta engo. Sentimita 10. Ukucha ukaingia. Kifundo kikagota. Magurudumu yakabaki yanazungukia papo hapo, chwiiii, na vumbi la plasta likaninyeshea kwenye saa.

Mzee akachomoa waya ukutani. Asetoni akaikataa, ingekula rangi; ikawa pamba, maji ya vuguvugu na sabuni, nusu saa. Kidole kikatoka, ngozi kidogo ikabaki juu ya tangi.

Mzee akaikagua kwa kioo cha kukuzia.

"Iache, mwanangu. Nikiipaka nyeusi itakuwa masizi."