Jibu la kisonono lisilotaja dawa ni nusu ya jibu

Mtu anapothibitishwa kuwa na kisonono, swali linalofuata ni moja tu: dawa gani itamponya? Maabara nyingi siku hizi hutambua ugonjwa kwa haraka na kwa uhakika mkubwa, kisha swali hilo la dawa huachwa lijibiwe na mwongozo wa tiba uliochapishwa miaka kadhaa iliyopita. Naamini hali hii ni ya hatari, na inanisikitisha kuona imezoeleka.

Vipimo vya vinasaba vina manufaa ambayo hakuna sababu ya kuyapinga. Vinatosheka na mkojo kidogo au kijiti cha pamba, havihitaji bakteria awe hai, na vinamgundua hata kwa mtu asiye na dalili yoyote, jambo lenye uzito mkubwa kwa kuwa wanawake wengi walioambukizwa hawaoni dalili. Hata hivyo, kipimo cha kawaida cha aina hii husema tu kwamba bakteria yupo. Hakisemi ni dawa ipi ambayo bado inamuua. Ili kulijua hilo kwa ukamilifu, hakuna budi kumwotesha.

Kazi hiyo ni ya subira. Bakteria wa kisonono hufa upesi akikauka, kwa hiyo sampuli hupakwa mapema kwenye kisahani chenye chakula maalumu, mara nyingi kilichotengenezwa kwa damu iliyopashwa moto hadi ikageuka rangi ya chokoleti, kisha kisahani hukaa kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37 katika hewa iliyoongezwa kabonidioksidi. Baada ya siku 1 au 2, bakteria walioota huhamishiwa kisahani kingine na juu yao hulazwa utepe mwembamba wenye dawa, hafifu upande mmoja na kali upande wa pili. Kesho yake huonekana eneo tupu lenye umbo la yai ambamo hakuna kilichoota, na pale ukingo wake unapokutana na utepe, mtaalamu husoma namba. Namba hiyo ni kiwango cha chini kabisa cha dawa kinachozuia bakteria kukua. Ikianza kupanda mwaka hadi mwaka, tunaonywa kabla dawa haijashindwa kabisa.

Historia inaonyesha kwa nini onyo hilo lina thamani. Dawa za salfa zilianza kutibu kisonono katika miaka ya 1930, na kufikia katikati ya miaka ya 1940 zilikuwa zimeshaanza kushindwa. Mwaka 1976 waliripotiwa bakteria wenye kimeng'enya kinachovunja penisilini. Marekani iliacha kupendekeza siprofloksasini na jamii yake mwaka 2007, na mwaka 2012 ikaiondoa sefiksimu kwenye tiba ya kwanza. Iliyobaki kuwa tegemeo ni sindano ya seftriaksoni, na mwaka 2018 Uingereza iliripoti mgonjwa ambaye bakteria wake walikuwa sugu kwa seftriaksoni na, kwa kiwango cha juu, kwa azithromaisini pia. Alipona kwa dawa ya kuingizwa kwenye mshipa. Usugu huo ulipimwa kwa bakteria waliooteshwa. Jibu la "yupo" au "hayupo" lisingetosha kuuonyesha.

Wapo wanaosema kwamba vinasaba vyenyewe vitatupa majibu yote. Kwa siprofloksasini hoja yao ina nguvu, kwa sababu badiliko moja katika jeni moja hutabiri vizuri kama dawa itafaa. Kwa Mycoplasma genitalium, bakteria mwingine anayeambukizwa kwa ngono, ambaye kumwotesha huchukua wiki nyingi na hata miezi, naikubali kabisa. Lakini usugu dhidi ya seftriaksoni hutokana na mabadiliko mengi katika jeni kadhaa, na kipimo kinachotafuta badiliko kinalolijua kinaweza kulipita jipya bila kuliona.

Kuna tatizo jingine linalozungumzwa kidogo mno. Mgonjwa akirudi siku chache baada ya sindano akilalamika kwamba hajapona, kipimo cha vinasaba kinaweza kuonyesha maambukizi kwa sababu tu mabaki ya bakteria waliokufa bado yapo mwilini. Kumwongezea antibayotiki kwa jibu hilo pekee ni kubahatisha, na kumrudisha nyumbani pia ni kubahatisha. Mgonjwa wa namna hii achukuliwe sampuli ya kuotesha kabla ya kumeza dozi nyingine, ikiwemo ya koo, mahali ambapo kisonono hukaa kimya na ni kigumu zaidi kutibika.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria maambukizi mapya milioni 82 ya kisonono kwa watu wazima mwaka 2020, na sidai kila sampuli ioteshwe. Ninachodai ni kwamba fedha za mashine ya vinasaba zisichukuliwe kutoka kwenye fungu la uoteshaji, kwamba vituo vichache vilivyochaguliwa viendelee kuotesha sampuli mwaka mzima, na kwamba namba zinazosomwa humo ziwafikie wanaoandika miongozo ya tiba wakati bado kuna dawa ya kuchagua.