Nyumba mpya, mwenda kwa miguu apite wapi?

Tumehamia nyumba mpya huku Kibamba, Dar es Salaam, kwenye mradi wa nyumba uliozungushiwa ukuta, huu ni mwezi wa 8 sasa. Nyumba nzuri, maji yanatoka, sina neno. Lakini jamani, mtu asiye na gari apite wapi?

Kituo cha daladala nakiona nikiwa jikoni naosha vyombo. Kiko ng'ambo ya ukuta tu, mita 200 hazifiki. Ukuta wenyewe hauna hata kigeti kidogo. Inabidi tuzunguke mpaka geti kubwa, halafu tushuke na barabara ya magari dakika 25, malori ya mchanga yanakupita begani. Pembeni kuna mtaro usiofunikwa. Mvua ikinyesha unachagua: tope mpaka kwenye vifundo, au lami pamoja na malori.

Binti yangu wa darasa la 5 alikuwa anaenda shule kwa baiskeli tulikotoka. Hapa baiskeli iko stoo, matairi yameshaisha upepo. Siwezi kumwachia mtoto barabara ile. Kwa hiyo ni bodaboda kila siku, kwa shule ambayo kengele yake naisikia nikiwa kitandani!

Tukiuliza, tunaambiwa kigeti kitaleta wezi. Si awekwe mlinzi, kama kule geti kubwa? Na mchoro tuliooneshwa siku ya kulipia ulikuwa na njia ya miguu, imechorwa mpaka na miti. Maegesho yote ya kwenye mchoro ule yamejengwa. Njia haipo.

Jirani yangu ana mimba ya miezi 7 na anauzunguka ukuta ule kwenda kliniki. Toboeni, tupite.