Mpangaji mkubwa wa Arusha harudi tena

Katikati ya jiji la Arusha kuna vibao vya "Ofisi inapangishwa" ambavyo jua limeshafubaza maandishi yake. Viko Goliondoi, viko Sokoine, viko hata kwenye maghorofa ambayo vioo vyake bado vina vumbi la ujenzi. Ukiongea na wenye majengo, jibu ni lile lile: hali ni ngumu, tuvute subira, watakuja. Mimi nasema hawaji. Mpangaji wanayemsubiri zama zake zimepita, na kuna mwingine ameshafika, anahangaika na mizigo yake mtaani huku sisi tumekodoa macho barabara kuu.

Mji huu umelelewa na wapangaji wakubwa. AICC, kile kituo cha mikutano cha kimataifa, na mabawa yake ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, ilijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, na Jumuiya yenyewe ikavunjika mwaka 1977. Ikaja Mahakama ya Rwanda, ile ya kimataifa iliyohukumu kesi za mauaji ya kimbari. Umoja wa Mataifa uliichagua Arusha mwaka 1995, na mpaka inafunga kazi mwisho wa 2015 mahakama ile ilikuwa mpangaji wa AICC. Jumuiya mpya nayo ilikuwa humo humo hadi ilipohamia kwenye makao yake mwaka 2012. Waliokuwepo wanaukumbuka mtaa wa Njiro wa wakati ule: nyumba ya vyumba vinne yenye bustani inapangishwa kwa dola, na mlinzi, mtunza bustani na dada wa kazi wote wanaishi kwa mshahara wa mpangaji mmoja. Mahakama ilipoondoka, waliojenga kwa mkopo wakipigia hesabu dola zile ndio walioumia zaidi. Leo hata hizo dola hazina nafasi, maana kanuni za Machi 2025 zimepiga marufuku kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Na bado tunapandisha maghorofa. Septemba 2023 Rais Samia alifungua jengo la Umoja wa Posta Afrika, sakafu 17. Ni jengo zuri, sina ugomvi nalo. Swali langu ni nani atakayejaza mengine yanayolifuata.

Mpangaji mpya haji na msafara wa magari meupe. Anakuja na begi la mgongoni. Ni kijana wa Sakina anayeandika programu kwa watu ambao hajawahi kuonana nao ana kwa ana. Ni mhasibu anayefunga vitabu vya kampuni nne akiwa kwake Olasiti. Kampuni moja ya utalii ninayoifahamu ilikuwa na vyumba vitatu mjini. Sasa imebaki na kimoja chenye meza, kabati la mafaili na leseni ukutani. Mgeni anaanza kuandikiana nao WhatsApp akiwa kwao, analipa benki, anapokelewa uwanja wa ndege wa KIA, analala hotelini, asubuhi anaelekea hifadhi ya Tarangire. Ofisini hakanyagi. Aliyempangia safari yote amekaa sebuleni kwake Moshono, mtoto kalala chumba cha pili.

Jiografia nayo imetupendelea. Tuko saa moja au mbili tu mbele ya Berlin, kutegemea majira yao, kwa hiyo anayefanya kazi na Wajerumani anaanza saa nne au saa tano asubuhi na jioni anamaliza. Wa California ndio wanaokesha: kule kazi zinapoanza asubuhi, hapa ni saa moja au saa mbili usiku.

Binti mmoja wa Kijenge anayehudumia wateja wa kampuni ya nje alinikaribisha nione anavyofanya kazi. Ana chumba kimoja. Meza ameibana kati ya kitanda na dirisha kwa sababu hapo ndipo mtandao unaposhika vizuri. Chini ya meza kuna betri ya gari na inveta, na ukutani nyuma ya kiti ametundika shuka jeupe ili mteja asione ndoo na masufuria. Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja kwa wapangaji wote, kwa hiyo kila wanapochanga kunakuwa na mzozo: wenzake wanasema yeye ndiye anayemaliza umeme, maana kompyuta yake haizimwi. Kompyuta mpakato inakula wati 60 hivi. Pasi ya jirani inazidi wati 1,000. Mzee mwenye nyumba, aliposikia dada anafanya kazi "ya wazungu", akapandisha kodi, na anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Dalali alishachukua ya mwezi mmoja. Yeye analipwa kila wiki mbili, na kuna wiki kazi haiji.

Hapo ndipo linaponiuma. Kule mjini kuna sakafu tupu zenye jenereta, zenye faiba iliyokwisha kuvutwa, zenye mlinzi na maji. Kijenge kuna mtu anayehitaji vitu hivyo vyote na anavitafuta kwa betri ya gari. Kati yao kinachozuia ni mkataba wa mwaka mzima na chumba cha mita za mraba mia. Gawanyeni hizo sakafu! Toeni vyumba vidogo vya mtu mmoja au wawili, vyenye mlango unaofungwa ili mtu aongee na mteja kwa utulivu, na mlipwe kwa mwezi, hata kwa wiki.

Wapo watakaonikumbusha WeWork, kampuni ya Marekani ya kukodisha ofisi za pamoja, iliyoomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Novemba 2023. Ile ilikodi majengo ya watu kwa mikataba ya miaka mingi, kisha ikakodisha meza kwa muda mfupi. Wateja walipopungua, kodi ya miaka mingi ilibaki pale pale. Mwenye jengo la Goliondoi hana deni la namna hiyo kwa mwenye nyumba mwingine. Huko huko Marekani, mwisho wa 2023 karibu asilimia 20 ya nafasi za ofisi kwenye miji mikubwa hazikuwa na mtu, na jijini New York jengo la ofisi la 25 Water Street limegeuzwa makazi ya zaidi ya familia 1,300. Ni kweli Amazon iliwaamuru wafanyakazi wake warudi ofisini siku tano kwa wiki kuanzia Januari 2025. Amri hiyo inajaza Seattle, yaliko makao yake. Hapa haijazi kitu.

Siwezi kujifanya sioni wanaoumia. Mama lishe aliyezoea kupika sahani za mchana za ofisi nzima hawezi kumfuata kila mteja Moshono na Kwa Mrombo, na bado sijasikia mpango wowote unaomtaja. Kazi zenyewe za mtandaoni nazo zina miguu myepesi. Vijana waliokuwa wakilipwa kuandika mazungumzo yaliyorekodiwa wameona akili mnemba ikiichukua kazi hiyo huku wanatazama.

Kuna na jambo zito zaidi. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, mtandao ukazorota nchini, na hiyo ilikuwa ajali. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Kwa mtu wa ofisi ya kawaida hiyo ilikuwa kero. Kwa anayefanya kazi na mteja wa Ulaya ilikuwa sawa na kufungiwa mlango wa ofisi bila kupewa nafasi ya kuaga, na mteja aliyeandika mara tatu bila kujibiwa anatafuta mtu nchi nyingine. Hakuna mwenye nyumba wala inveta inayoweza kumlinda mtu na hilo. Anayetaka vijana wajiajiri aanze kwa kuahidi kwamba halitarudiwa.

Na leseni. Ukitaka leseni ya biashara unadaiwa mkataba wa pango. Nawajua watu waliokodi fremu ambayo hawaifungui, wanaipanga kwa ajili ya karatasi tu, halafu kazi wanaifanya nyumbani. Ofisi ya biashara ya jiji ingekubali barua ya mtendaji wa mtaa inayosema fulani anafanya kazi kwake Olasiti, basi. Kodi ya fremu ile ingelipia chumba kidogo mjini mara mbili kwa wiki, na sahani ya wali ya yule mama pale chini ya ghorofa.